Mwana wa Kunyonya

Mwanatabu binti Matano hakwenda zahanati kwa sababu ya uvimbe. Uvimbe alikuwa nao tangu kabla ya Ramadhani, upande wa kushoto, mgumu kama kokwa ya tende, na kwa kuwa haukumuuma aliuacha ukae kama mpangaji asiye na kelele. Alikwenda kuchukua dawa zake za presha. Lakini siku hiyo pale Likoni wauguzi walikuwa wakiwapima wanawake maziwa, na Sista Kaviha, aliyemjua kwa miaka mingi ya dawa zile, hakumpa nafasi ya kupita. Alimshika mkono, akamwambia leo haondoki bila kupimwa, akamwingiza nyuma ya pazia.

Kaviha alipapasa upande wa kulia, akahamia wa kushoto, na vidole vyake vikasimama. Alimwambia ajifunike leso yake, akavuta kiti, akaanza kumuuliza maswali.

Aliyauliza kwa upole, kama mtu anayechambua mchele. Damu ya mwezi ilimuanza lini? Mapema, alisema Mwanatabu, kabla ya wenzake wote wa madrasa, hata mama yake akaona haya kumtafutia somo wa kumfunda mtoto mdogo vile. Ilikatika lini? Ilichelewa mno, wenzake walishapumzika zamani na yake ikawa kama imesahau kuondoka. Alizaa watoto wangapi?

Hapo Mwanatabu alilitazama pazia. Swali hilo alikuwa ameulizwa maisha yake yote, na mawifi, na wageni wa harusini, na wanawake asiowajua kwenye foleni ya feri, na jibu lake halikuwa fupi. Mimba zilizoharibika alizijua yeye na Mola wake. Iliyofika ni moja, ya mtoto mwanamume, na wakati huo Mwanatabu alikuwa keshatimiza miaka thelathini na sita. Mtoto huyo hakufika siku ya saba, ya kunyolewa nywele. Alimweleza Kaviha hivyo, kwa sauti ya mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali.

"Pole, mama," alisema Kaviha. "Kwa hivyo hukupata kunyonyesha."

"Nilinyonyesha," alisema Mwanatabu. "Mwaka na miezi saba."

Kaviha aliinua macho.

"Hakuwa mwanangu. Alikuwa wa mpangaji wetu. Sasa sijui ninyi wenyewe mwahesabu vipi. Hiyo yahesabika?"

Kaviha alifikiri kidogo. "Yahesabika, mama. Ziwa haliulizi mtoto wa nani."

Mwanatabu aliinamisha kichwa. Miaka ishirini na kitu ilikuwa imepita, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyempa maneno kama yale. Watu walikuwa wakimwambia kuwa alimsaidia mtoto wa watu, Mungu atamlipa. Hakuna aliyemwambia kuwa kile kilichotokea kilihesabika mahali popote.

Kaviha akaanza kumweleza sababu ya kuuliza. Alisema maradhi haya huwaelemea zaidi kidogo wanawake ambao hawakuzaa, au waliochelewa kuzaa, na wale ambao damu yao ilianza mapema na kukatika kwa kuchelewa. Kunyonyesha nako hupunguza, kila mwezi kwa kadiri yake. Lakini haya yote ni uzito wa mizani tu, alisema, hayamhukumu mtu. Amewaona wenye watoto tisa wakiugua, na amewaona wasiozaa kabisa wakifa vikongwe na maziwa yao mazima. Uvimbe wenyewe alikuwa bado hajui ni wa nini. Ilikuwa lazima Mwanatabu avuke aende hospitali kubwa, akatwe kipande kidogo kikapimwe.

"Nakuuliza ili nijue," alisema, "si ili nikulaumu."

Lilikuwa limebaki swali moja. Je, kwao, mama au dada au mama mdogo, kuna aliyepata kuugua ziwa? Mwanatabu alisema hakuna. Kaviha akasema afadhali, kwa maana ugonjwa huu wakati mwingine hufuata damu, hasa pale mama anapochukuliwa nao angali kijana. Wanawe wa kike huwa wafaa kutazamwa mapema, wasingoje utu uzima. Tena si lazima uje kwa uvimbe kama huu wake. Kuna unaokuja ziwa likavimba lote, likawa jekundu na la moto, ngozi ikaingia vishimo kama ganda la chungwa, na ikiwa ni mama anayenyonyesha, kila mtu husema ni maziwa yaliyoganda.

Mwanatabu alikuwa anafunga leso yake. Aliiacha bila kuikaza. Alimwona Achieng, yule mpangaji wao, amekaa kwenye kitanda cha kamba, kitambaa cha maji moto kifuani, anang'ata ncha ya kanga asilie.

*

Achieng na mumewe Absalom walipanga chumba cha mwisho katika nyumba ambayo Mbwana, mume wa Mwanatabu, alirithi kwa babake. Absalom alikuwa akifanya kazi ya kupakua makontena bandarini. Achieng alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, mrefu, mwepesi wa kucheka, aliyesema Kiswahili cha kukatakata na kukimbiza maneno, na alikuwa akija jikoni kwa Mwanatabu kujifunza kuchuja tui. Walishika mimba karibu pamoja. Mwanatabu, ambaye kwa mimba zake zote alikuwa akijificha kuogopa jicho, safari hiyo hakujificha, kwa sababu alikuwa na mwenzake. Jioni walikaa barazani miguu wameinyoosha, wakipimana matumbo.

Achieng alitangulia kujifungua, mtoto wa kike. Zamu ya Mwanatabu ilipofika akajifungua salama, na kabla ya wiki kwisha wakamzika mwanawe. Waliobaki kumhani wakaondoka. Maziwa yenyewe hayakupewa habari ya msiba. Yalikuja, yakajaa, yakalowesha kanga, na kila mtoto wa Achieng alipolia chumba cha mwisho, yalitoka yenyewe. Wifi yake Zuleikha alimshauri ajifunge kitambaa kwa nguvu yakauke. Alijifunga, na usiku akakifungua.

Wakati huo ndipo ziwa la Achieng lilipoanza kuvimba. Walilikanda, akapewa vidonge, likapoa siku mbili likarudi vibaya zaidi. Mtoto alikataa kikombe, alikataa chupa, akawa analia kwa sauti iliyokwaruza. Alasiri moja Achieng aliingia chumbani kwa Mwanatabu bila kubisha hodi. Alimlaza mtoto mapajani pa Mwanatabu, akaketi kwenye mkeka, akageukia ukutani.

Mwanatabu alifungua kanga. Mtoto alitafuta, akapata, akashika upande wa kushoto, na chumba kikawa kimya. Wanawake wale wawili walilia kila mmoja kwa lake, na hawakutazamana.

Baadaye yalifuata mambo ya watu wazima. Muuguzi wa wakati ule alitaka wote wapimwe damu kwanza, wakapimwa. Zuleikha alinung'unika kuwa ndugu yake amekosa mwana wake na sasa nyumba yake inanyonyesha wageni. Mbwana, ambaye si mtu wa maneno, alikwenda kwa mwalimu wa msikitini kuuliza, akarudi na jibu kwamba mtoto akishashiba mara tano kwa mwanamke, basi ni mwanawe wa kunyonya, na mumewe ni babake. Tangu siku hiyo Mbwana alikuwa akimbeba mtoto begani na kumpeleka mpaka dukani, na akiulizwa ni wa nani, husema ni wangu. Kanisani aliitwa Janice. Mwanatabu alimwita Mweri, mwezi kwa lugha ya kwao, kwa uso wake wa mviringo.

Achieng alikonda. Mkono ukavimba, kikohozi kikamshika. Absalom akampeleka kwao bara, na huko akazikwa kabla mtoto hajaanza kutambaa. Absalom alirudi peke yake, akamwomba Mwanatabu aendelee. Mwanatabu aliendelea, na ilikuwa miezi ya furaha aliyoionea haya, maana ilikuwa juu ya kaburi la mwenzake. Kisha mama mzazi wa Absalom akaja kumchukua mjukuu aende naye bara. Ilikuwa haki yake, wala hakuna aliyebisha. Mtoto alilala begani kwa bibi yake na hakuamka kuaga. Absalom aliahidi kumleta kila likizo, akahama nyumba mwaka huo huo, na hawakumwona tena.

Mwanatabu hakupata kulizungumza jambo hilo, kwa kuwa halikuwa na jina. Mwenye kufiwa hupewa pole, na mwenye mwana aliye mbali huulizwa habari zake. Yeye hakuulizwa. Lakini kila Januari alimpandisha mtoto darasa moyoni mwake. Alipowaona wasichana wenye sare alijua Mweri sasa ana kimo gani. Mwaka aliopaswa kumaliza sekondari, Mwanatabu alifunga sunna ya siku tatu na hakumwambia mtu sababu.

*

Majibu ya hospitali yalisema ni saratani, na kwamba ziwa litolewe lote, kisha afuate na dawa. Daktari alisema haikusambaa, kwa wanavyoona, lakini asichelewe. Mwanatabu alimsikiliza mpaka mwisho, akashukuru. Alipofika nyumbani alimwita Mbwana chumbani, akamwambia kuwa atakubali kupasuliwa, ila kuna mtu lazima amwone kwanza.

Alimweleza maneno ya Kaviha juu ya ganda la chungwa na juu ya maradhi yanayofuata damu. Alisema kama mwana yuko hai, ana umri unaokaribia ule aliokufa nao mama yake, na pengine hajui.

Mbwana alivua kofia yake, akaigeuzageuza mikononi.

"Ni hilo tu lakupeleka?" aliuliza.

"Silo hilo tu," alisema Mwanatabu. "Lakini bila hilo nisingekuwa na la kumwambia."

"Nami huwa namwota," alisema Mbwana. "Sikukwambia."

Katika wapangaji wa zamani alikuwako seremala mmoja, Kimani, aliyehamia Changamwe na ambaye bado alikuwa akimpigia Mbwana simu siku za Idi. Mbwana alimpigia kumuuliza kama aliwahi kusikia Absalom aliko. Kimani akacheka kidogo, akasema mbona Absalom yupo hapa Chaani miaka yote, ana mke mwingine na watoto, na yule binti mkubwa naye yuko, amekuja tangu amalize shule, asuka nywele kwenye saluni karibu na stendi.

Mwanatabu aliposikia, aliingia jikoni akakaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi. Miaka yote ile alimweka mtoto mbali, kwenye milima asiyoijua, ili umbali uwe ndio sababu. Kumbe sababu ilikuwa ni maji ya kivuko tu na mwendo wa gari.

*

Absalom aliwapokea vizuri. Nywele zilikuwa nyeupe, na mgongo wake, uliokuwa ukibeba magunia mawili, ulikuwa umepinda. Aliwaamkia Mbwana na Mwanatabu kama wazee wake, akamwagiza mkewe alete soda, na hakuweza kumtazama Mwanatabu usoni. Alisema alitaka kuja. Alisema kwanza alikuwa na kodi aliyoiacha nyuma, kisha ilikuwa aibu, kisha ilikuwa muda umepita sana, na mtu akichelewa sana hajui aingie kwa mlango gani. Mwanatabu alimsamehe, au alisema hivyo, kwa kuwa hilo halikuwa lililomleta.

Alipomweleza lililomleta, Absalom aliweka chupa chini.

"Mama, naomba usimwambie," alisema. "Yeye anajua mama yake alikufa akimzaa. Ndivyo nilivyomwambia akiwa mdogo, ilikuwa rahisi. Sasa ana mchumba, Desemba ni harusi. Watu wa huyo kijana wakisikia kuna ugonjwa wa ukoo, nani atamwoa?"

"Ulimwambia alimuua mamake."

"Sikumwambia hivyo."

"Ndivyo mtoto asikiavyo, Absalom."

Nje watoto wake wadogo walikuwa wakigombania baiskeli. Mwanatabu alingoja. Hakuja kumnyang'anya mtu ubaba wake, na kama angekataa kabisa, hakujua angefanya nini. Mwishowe Absalom alisimama, akafungua mlango, akanyoosha kidole kuelekea barabarani. Saluni ni ile yenye rangi ya zambarau, alisema, upande wa pili wa duka la simu. Kisha akaingia ndani.

Mbwana alibaki chini ya kibanda cha muuza miwa ng'ambo ya barabara. Alisema wakienda wote wawili watamtisha.

Msichana alikuwa amesimama nyuma ya mteja, mdomoni ana kipande cha uzi, vidole vinakwenda bila kutazamwa. Alikuwa na paji la uso la Achieng na ule urefu wake wa shingo. Mwanatabu alisimama mlangoni, na ghafla kifuani, upande ule ule wa kushoto wenye uvimbe, akahisi ule mchonyoto wa zamani, maziwa yanaposhuka. Aliweka mkono juu yake haraka, kana kwamba bado nguo ingeweza kulowa. Alikuwa na miaka hamsini na tisa.

"Karibu mum," alisema msichana. "Ni kusuka ama ni kuosha tu?"

Mwanatabu alikuwa amejiandalia maneno tangu Likoni, na jina la Mweri lilikuwa limemfika kooni. Alilimeza. Alisema anaomba wazungumze nje akimaliza, si haraka, atangoja. Akangoja kwenye benchi mpaka mteja akatoka.

Walikaa upande wa nyuma, penye ndoo za maji. Mwanatabu alimwambia jina lake na mahali atokako, kisha akamwambia kuwa alimjua mama yake. Janice akasema kwa adabu kuwa yeye hakumjua, mama alifariki siku ya kumzaa. Hapo Mwanatabu akamweleza, polepole, bila kuruka. Kwamba Achieng alimzaa salama na alimpakata. Kwamba aliishi miezi mingi baadaye. Kwamba alipatwa na ugonjwa wa ziwa ambao wakati ule hakuna aliyeujua kwa jina, na huo ndio uliomchukua.

Janice alikuwa akikwangua rangi ya kucha kwenye kidole gumba. Alikwangua mpaka ikaisha.

"Kwa hivyo si mimi," alisema.

"Si wewe, mwanangu. Hukumuua mtu."

Msichana aliinamisha kichwa magotini na mabega yake yakatetemeka bila sauti. Mwanatabu alitaka kumshika. Mkono wake ulikwenda hadi karibu na mgongo ule, ukasimama, kwa kuwa hakujua kama amepewa ruhusa. Aliurudisha mapajani.

Janice alipoinua uso alianza kuuliza. Alikuwaje? Alikuwa akicheka na nini? Alikuwa anaimba? Alisema baba hakuwahi kusema lolote ila kwamba alikuwa mtu mzuri, na watu wazuri wote hufanana. Basi Mwanatabu akampa Achieng. Akampa anavyochuja tui na kulimwaga nusu chini, anavyomwita kila samaki "ngege", jina la samaki wa kwao bara, hata awe tasi wa baharini, anavyokwenda kanisani na viatu mkononi ili visiingie mchanga. Akamsimulia walivyopimana matumbo kwa kanga pale barazani. Aliyatoa yote aliyoyahifadhi, na msichana aliyapokea kwa macho yaliyofumbuka sana, kama mwenye njaa. Adhana ya alasiri ililia na bado walikuwa hapo. Lile alilokuwa amekuja nalo kwa nafsi yake, Mwanatabu hakupata pa kuliweka.

Akaligusa lililobaki. Alimwambia ugonjwa ule hufuata damu wakati mwingine, si lazima, lakini kwa kuwa mama yake aliupata angali kijana, aende atazamwe, na asimwache mtu amwambie kuwa yeye ni mdogo mno. Janice alisikiliza. Kisha akakunja uso, akawa kama anayefanya hesabu.

"Kama ziwa lake lilikuwa gonjwa," aliuliza, "mimi nilinyonya wapi?"

"Kwangu," alisema Mwanatabu.

Janice alimtazama. Alimtazama uso, macho yakashuka kifuani, yakarudi juu upesi. "Aa," alisema. Kutoka ndani mtu alimwita, mteja amefika. Aliandika namba ya Mwanatabu kwenye simu yake, akashukuru, akaingia. Mwanatabu alisimama penye ndoo akingoja aone kama atageuka. Hakugeuka.

Walipokuwa wakirudi Mbwana ndiye aliyeanza. Alikuwa amemwona kwa mbali, alisema, amekuwa mrefu.

*

Walimtoa ziwa kabla ya mvua za vuli. Kila simu ilipolia hospitalini na baadaye nyumbani, Mwanatabu alijizuia kuikimbilia. Aliyepiga alikuwa shemeji, alikuwa jirani, alikuwa Kaviha akiuliza kidonda. Zuleikha, aliyenung'unika miaka ile, alikuja kila asubuhi kumpikia uji, na siku moja, akikoroga, alisema alitamani asingemwambia ajifunge kitambaa. Mwanatabu alimwambia hakujifunga kwa muda mrefu. Zuleikha akaendelea kukoroga mpaka uji ukaiva.

Dawa za kemo zilimchosha kuliko kisu. Chakula kilinuka chuma. Nywele zilianza kutoka kwa mafungu, zikawa zinabaki kwenye mto, na yeye akajifunga kilemba ili asizione.

Janice alikuja Jumapili moja baada ya kanisa, amevaa gauni la kijani, mkononi ana mfuko wa maembe. Alibisha hodi kama mgeni. Alisema samahani kwa kukawia, alikuwa anafikiri, na yeye akifikiri hawezi kuongea. Alikuwa ameenda kupimwa. Walimpapasa, wakamwangalia kwa mashine ile wanayowaangalizia wajawazito, hawakuona kitu. Wamemwambia arudi kila mwaka, na kwamba hospitali kubwa kuna kipimo cha damu cha kutazama kama amerithi. Bado hajaamua kama anataka kujua. Mchumba wake alikuwa amenyamaza tangu asikie, na harusi imesogezwa mbele, haijulikani hadi lini.

Mwanatabu akasema ni yeye aliyeyaleta hayo.

"Hapana," alisema Janice. "Afadhali nimjue saa hii."

Lakini alilisema akitazama dirisha, na Mwanatabu hakujidanganya kuwa halikumuuma.

Kilemba kilikuwa kimelegea. Janice aliona nywele zilivyobaki, viraka viraka, akasimama bila kuulizwa, akataka wembe na maji ya vuguvugu. Alimkalisha Mwanatabu kwenye kigoda uani, akamfunika mabega kwa taulo, akaanza kumnyoa. Alifanya kazi yake taratibu, kiganja kimoja kimekishika kichwa na kukigeuza huku na huku, dole gumba likilaza sikio. Mwanatabu alifumba macho. Hakuwa ameguswa na mikono ile tangu ilipokuwa midogo kiasi cha kushika kidole kimoja tu. Aliomba kimoyomoyo nywele zisiishe.

Zilipokwisha, Janice alipangusa shingo yake kwa kitambaa, akabaki amechutama mbele yake.

"Naweza kuona?"

Mwanatabu alilifahamu swali. Alitazama mlango, Mbwana hakuwako. Alifungua kanga. Upande wa kushoto palikuwa pamelala bapa, na mshono unapita kutoka kwapani, bado mwekundu. Janice aliangalia kwa muda. Alinyoosha kidole akagusa pembeni mwa mshono, mahali pasipouma.

"Najaribu kukumbuka tangu siku ile," alisema. "Sikumbuki kitu."

"Hiyo si kazi yako, mwanangu."

"Najua. Lakini ningetaka."

Akaifunga kanga ile mwenyewe, akaikaza chini ya kwapa, vizuri, kama mtu aliyezoea kuvisha wengine.

Alikula chakula cha mchana, akala sana, na Mbwana aliyerudi kutoka msikitini alikaa mbali kidogo akimtazama kwa wizi, akimwongezea wali. Mwanatabu alikuwa amekisafisha chumba cha mwisho kwa kuwa hakikuwa na mpangaji mwezi ule, akatandika shuka. Alitaka kumwambia alale. Maneno yalikuwa tayari. Lakini Janice alitazama saa akasema kesho ana kazi asubuhi, na Mwanatabu akamwambia basi aende mapema, feri ya jioni hujaa.

Janice alirudi tena mara chache katika mwaka uliofuata, na kati ya mara moja na nyingine kulikuwa na majuma ambayo simu yake haikupokewa. Mwanatabu alijifunza kutopiga mara mbili. Nywele ziliota, nyeupe na laini kuliko za kwanza, na Kaviha alimwambia vipimo vimetulia, waendelee hivyo hivyo. Hamu ilibaki. Zamani haikuwa na pa kwenda, ikazunguka ndani ya nyumba. Sasa ilikuwa na mtaa wake, na mlango wa zambarau, na sauti ya msichana anayesema, mum, niko kazini, nitakupigia.

Lakini Jumapili ile ya kwanza Mwanatabu alimsindikiza tu mpaka barazani. Janice alimpa mkono, akasita, kisha akainama akaubusu kama watoto wa hapa wanavyowafanyia wazee wao. Labda alikuwa ameona mtu akifanya, labda alifundishwa na mteja. Akashuka vidaraja, akashika njia.

"Hajui njia ya mkato," alisema Mwanatabu.

Mbwana alikuwa keshavaa viatu. Alitoka nyuma ya binti yule kwa mwendo wa kukaza, akamfikia penye kona, na Mwanatabu akawaona wakisimama kidogo, mzee akionyesha kwa mkono, kisha wakaendelea wote wawili, yeye mbele na msichana nyuma, mpaka nyumba zikawafunika.